Ndoa ya Ukurasa wa Tisa

Nchi yenyewe ipo, msitie shaka. Ila kwa sasa haina jina, kwa sababu jina la zamani lilifutwa mwaka jana na Kamati ya Jina Jipya bado iko hotelini, haijamaliza kifungua kinywa. Kwenye ramani tunaonekana kama doa jeupe, na majirani zetu wanasema tumependeza.

Katika nchi hiyo palikuwa na jarida moja, *Zumari la Taifa*. Yalikuwepo mengine zamani, lakini yalifungiwa kwa kosa la kuwa na habari. Zumari halikuwahi kukutwa na kosa hilo. Lilitoka kila Ijumaa: kurasa nane za mwanzo hotuba, ukurasa wa tisa matangazo ya ndoa, na kurasa zilizobaki ni hotuba zilizokosa nafasi mwanzoni. Msomaji mwenye akili timamu alianzia wa tisa na kuishia wa tisa.

Ukurasa huo ulipendwa kwa sababu bila huo hakuna kuoana. Sheria ya Ndoa ya nchi hiyo ni rahisi kuieleza. Wachumba wakikubaliana, majina yao yanachapwa ukurasa wa tisa. Ukurasa unapigwa mhuri na kutundikwa kwa msumari ndani ya jengo la serikali, kuanzia mwezi mpevu mpaka mwezi mpevu unaofuata, bila kuondolewa. Mwenye pingamizi haongei wala haandiki. Anakwenda pale na kugandamiza dole gumba lenye wino juu ya tangazo. Ikionekana alama ya dole, ndoa inasimama mpaka mwenye dole aitwe, ahojiwe na aeleze kinachomuuma. Mwezi ukipita ukurasa ukiwa msafi, cheti kinatoka na watu wanakula pilau.

Sheria hiyo inawapenda watoto pia. Haitaki mtoto yeyote akose baba kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo mtoto akizaliwa kabla wazazi wake hawajapata cheti, anaandikwa kwa jina la Mtendaji wa Kata aliyeko kazini siku hiyo. Bwana Kalimbaga, Mtendaji wa Kata ya Mnadani, mtu mpole mwenye mke mmoja na presha, alikuwa kwa hesabu ya serikali baba wa watoto zaidi ya mia mbili. Shule zikifunguliwa Januari, alikuwa anafanyia kazi darini.

*

Mambo yalikwenda hivyo, kwa raha zetu, mpaka Waziri wa Majarida na Mwelekeo, Mheshimiwa Profesa Lutambi, aliposafiri. Uprofesa alipewa na chuo alichokizindua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo hiyo, na aliupokea kwa machozi. Sasa akiwa uwanja wa ndege wa nchi ya watu, aliona jambo lililomkosesha usingizi safari nzima ya kurudi.

"Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa," alitusimulia redioni. "Nikajua wana msiba. Nikamgusa mmoja, nikampa pole. Akaniambia anasoma jarida. Nikamuuliza, karatasi iko wapi? Ndugu zangu, alinicheka. Alimcheka waziri mzima!"

Aliporudi, alitangaza kwamba karatasi imefariki dunia.

Nchi nyingine zimehama taratibu kutoka jarida la karatasi kwenda jarida la kioo. Zimebishana, zimefanya utafiti, zimewauliza wasomaji. Sisi tulifanya mazishi. Toleo la mwisho la Zumari liliwekwa ndani ya jeneza, likapakiwa kwenye gari la wazi, likapitishwa barabara kuu huku bendi ya polisi ikipiga wimbo wa huzuni. Wanafunzi walipangwa kando ya njia na kuamriwa kulia kwa zamu, shule za msingi kwanza. Pale kaburini Waziri alisimama, akakohoa, akasema:

"Ndugu wananchi, karatasi imelala. Imetutumikia. Imetufungia karanga, imetufunikia madaftari, imetufutia vioo. Lakini imelala! Kuanzia leo jarida litasomwa kwenye kishikwambi. Kishikwambi hakiraruki. Kishikwambi hakiliwi na mchwa. Kishikwambi hakifungiwi maandazi. Wenzetu wametutangulia kwenye teknolojia, nakubali. Lakini nani kati yao alifanya mazishi? Hakuna! Kwenye mazishi sisi ndio tunaongoza!"

Tulipiga makofi mpaka mikono ikawasha. Na ili raia wasipate taabu ya kusahau, ilitoka amri kwamba yeyote atakayekutwa na jarida la karatasi atashtakiwa kwa kuhifadhi maiti bila kibali.

*

Kila kata ilipata kishikwambi kimoja. Cha Mnadani kilifika kikiwa kwenye boksi la rangi ya fedha. Bwana Kalimbaga akasoma maandishi ya boksi, akasoma sheria, akaona pameandikwa "kwa msumari," akachukua nyundo.

Cha pili kilifika baada ya kuandika maelezo. Safari hii alikiningʼiniza kwa kamba. Kisha akakipigia mhuri katikati ya kioo, kwa sababu kitu cha serikali kisicho na mhuri ni kama hakipo. Wino wa bluu ukakaa pale pale; ukifungua ukurasa wowote, mhuri upo. Hotuba ya Waziri ikawa inasomeka "Ndugu wanan," halafu bluu, halafu "asanteni kwa kunisikiliza," na wengi walisema imenoga kuliko zamani.

Mazoea nayo hayakuzikwa na karatasi. Wazee walilowesha kidole kwa mate kabla ya kugeuza ukurasa, na kioo kikilowa kinaruka kutoka ukurasa wa pili mpaka wa kumi na nne, kikirudi kinafungua tangazo la mbolea. Wizara ikatoa waraka wa mate. Ikatoa pia kanuni iliyosifiwa sana: kwa kuwa kioo hakinywi wino, mwenye pingamizi la ndoa atagusa tangazo kwa dole gumba kavu, na kishikwambi chenyewe kitaandika kwamba limepingwa. Pingamizi bila wino, bila foleni, bila aibu. Tuliambiwa haya ndiyo maendeleo, tukaamini, maana sisi ni watu wa kuamini.

*

Binti mmoja, jina lake Sikudhani, alikuwa na saluni pale Mnadani, mkabala na wauza mitumba. Ukutani alikuwa amebandika kurasa za majarida ya zamani zenye mitindo ya nywele, mteja anaonyesha kwa kidole, anakaa, anasukwa. Siku tatu baada ya mazishi walikuja askari, wakazibandua kurasa zote na kuzibeba kwa machela, zimefunikwa shuka. Tangu hapo wateja walikuwa wanaeleza mitindo kwa mikono hewani.

"Nataka ipande hivi, halafu ishuke hivi, halafu hapa iwe kama imekasirika."

"Dada yangu," alisema Sikudhani, "hiyo si rasta, hiyo ni ajali. Nikusuke ule mtindo wa twende kilioni, unyamaze."

Mdomo alikuwa nao. Alikuwa pia na mimba, ya Makungu fundi baiskeli, kijana mtaratibu ambaye akiulizwa swali hupangusa mikono kwanza. Walikuwa wanapendana na walitaka kuoana kabla mtoto hajafika. Si kwa sababu ya maneno ya watu. Maneno ya watu Sikudhani aliyauza na chenji akarudisha. Tatizo lilikuwa jina.

"Mtoto nimbebe mimi, nimtapikie mimi, nivimbe miguu mimi, halafu aitwe Kalimbaga?" alisema. "Hata siku moja."

Tangazo lao likatoka ukurasa wa tisa siku ya mwezi mpevu. Mtendaji akakifungua kishikwambi pale penye majina yao na kukitundika. Kesho yake asubuhi Sikudhani akapita kulitazama, kama wachumba wote wanavyofanya. Akakuta kioo cheusi.

"Bwana Mtendaji, shikamoo. Tangazo letu liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Lipo."

"Mbona silioni?"

"Kimelala. Hivi vitu usipovigusa kidogo tu vinalala."

"Sasa kikilala, tangazo linakuwa limetundikwa au limeondolewa?"

Bwana Kalimbaga alikaa. Alikuwa ameogopa swali hilo tangu kishikwambi kilipotoka kwenye boksi. "Kisichoonekana kimeondolewa," alisema kwa sauti ndogo. "Wizara imeshajibu. Tunaanza tena mwezi mpevu ujao."

"Mwezi mpevu ujao tumbo langu litakuwa linaonekana kutokea stendi!"

"Unadhani mimi nafurahi? Mama watoto ameapa. Wale watoto wangu wawili alikubali kuwazaa. Wengine mia mbili alivumilia. Amesema akiongezeka mmoja tu anarudi kwao na masufuria yote."

"Basi nipe cheti, tuokoke wote."

"Siwezi, mwanangu. Nitakuwa nimevunja utaratibu."

*

Aliyepata dawa ni Shangazi Somoe, shangazi yake Makungu, mwanamke aliyewahi kuongoza kamati za misiba saba kwa wakati mmoja bila kuchanganya michango. "Kinalala kisipoguswa?" aliuliza. "Basi kitaguswa."

Ulipofika mwezi mpevu uliofuata, ukoo mzima ulihamia ofisi ya kata. Mikeka ikatandikwa chini ya kishikwambi. Mwenye bucha akaazimisha jenereta. Watu wakapangwa zamu, mchana na usiku, mmoja ameketi mbele ya kioo na kazi yake ni moja: kikianza kufifia, anakigusa. Makungu alichukua zamu nyingi kuliko wote. Alifunga karakana, akakaa pale na kidole chake kama anayemlisha mtoto.

"Mguse taratibu, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Utamtoboa."

"Namgusa taratibu."

"Unamgusa kama unajaza upepo. Angalia." Shangazi akanyoosha dole gumba, akaligandamiza katikati ya jina la Sikudhani kwa upendo mkubwa. Kioo kikawaka. "Umeona? Hivyo."

Ndani ya mwezi ule ofisi ya kata ilichangamka kuliko siku zote tangu ijengwe. Wali ulipikwa nyuma ya choo cha wageni. Watu waliokuja kudai vitambulisho walikuwa wanapewa chai na kuombwa, kwa heshima, waguse. Hata Mtendaji mwenyewe, kila alipopita kwenda darini, alikuwa anagusa mara moja, akiangalia huku na huku, kisha anatembea haraka.

Kioo hakikulala hata kidogo. Mwezi mpevu ulipotoka, walipiga vigelegele, Shangazi akavaa kanga mpya, na Bwana Kalimbaga akabonyeza pale penye neno Cheti.

Kishikwambi kikafikiri. Kikaandika: *Ndoa hii imesimamishwa. Mapingamizi 9,412.*

*

Sikudhani akageuka pole pole, akawatazama ndugu wote wa mume mmoja mmoja, na wote wakatazama madole yao.

Baraza la Pingamizi liliketi pale pale, kwa kuwa sheria haina mzaha. Kila alama ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alitakiwa ahojiwe kwa kila alama. Bwana Kalimbaga akavaa koti la baraza, lililokuwa limembana tangu alipoteuliwa, akamwita wa kwanza.

"Makungu. Kumbukumbu zinaonyesha umeipinga ndoa hii zaidi ya mara elfu tatu. Unampinga mchumba wako kwa lipi?"

Makungu akapangusa mikono. "Simpingi. Nilikuwa namwamsha."

"Unamwamsha nani? Mchumba?"

"Kishikwambi."

"Kwa kidole gani?"

"Dole gumba. Vingine vina grisi."

"Lile la kwanza unalikumbuka? La siku ya kwanza, jioni?"

"Yote yalikuwa yanafanana, Mheshimiwa."

"Andika: pingamizi la kwanza, mwenye dole hana sababu. Twende la pili."

"Kalimbaga!" aliita Shangazi Somoe akisimama. "Mimi ningekuwa nampinga huyu binti ningemwambia usoni, nisingembonyeza kioo! Mnanijua. Yule wa kwanza, Mashavu, nilimpinga mpaka walisikia machinjioni!"

"Mashavu yupi?" aliuliza Sikudhani.

"Hakuna," alisema Makungu.

"Makungu, Mashavu yupi?"

"Baraza linaomba utulivu!" alisema Bwana Kalimbaga, jasho likimtoka. Alikuwa ameona kwenye orodha jina lake mwenyewe, mara mia moja na kitu, na hakujua kama mwenyekiti anajihoji akiwa ameketi au amesimama.

Walipiga hesabu. Kwa kasi ile, wakihoji kila siku ya kazi na kupumzika sikukuu zote za taifa, watamaliza mtoto akiwa darasa la tano. Darasa la tano, kwa jina la Kalimbaga.

Siku hiyo ndiyo ya kwanza watu kumwona Sikudhani analia. Alilia kama anavyofanya kila kitu, kwa sauti na kwa matusi mazuri.

*

Huku nyuma, wizarani, kulikuwa na shangwe.

Maana kule wizarani mguso hauitwi pingamizi. Unaitwa msomaji. Vishikwambi vyote vya nchi vinapeleka hesabu kwenye ubao mkubwa nje ya ofisi ya Waziri, kila kioo kinapoguswa anaongezeka msomaji mmoja, na kwa miezi mitatu ubao ule ulikuwa umekaa kama makaburi. Hotuba ya Waziri kuhusu mwelekeo ilikuwa na wasomaji wanne, na watatu kati yao walikuwa wazee wa mate waliokuwa wanaelekea kwingine. Kisha ghafla, Kata ya Mnadani, ukurasa wa tisa, tangazo moja: wasomaji elfu tisa na ushei.

"Nani alisema watu wetu hawapendi kusoma?" alinguruma Profesa Lutambi redioni. "Nani alisema jarida la kioo halina maisha? Tangazo moja la ndoa limesomwa na watu elfu tisa, katika kata yenye watu elfu sita! Maana yake hata wasiokuwepo wamesoma!"

Gari la wizara lenye vipaza sauti likafika Mnadani kumwalika Bi Sikudhani, mwenye tangazo lililopendwa kuliko yote katika historia ya taifa, aje kupokea Nishani ya Kurasa. Aje na mchumba. Aje na Mtendaji. Waandishi wa habari watakuwepo.

"Siendi," alisema Sikudhani, amekaa na miguu kwenye beseni. "Tumbo hili, wakinitikisa njiani nitazalia kwenye nishani yao."

"Nenda," alisema Shangazi Somoe. "Waziri ndiye bosi wa Kalimbaga. Ukamwombe. Ukikataliwa, mtukane; safari ni ya serikali."

*

Walifika wizarani asubuhi: Sikudhani, Makungu, Shangazi na Bwana Kalimbaga ndani ya lile koti. Waandishi walikuwa wamejaa ukumbini na kamera zao. Katibu wa Waziri, mtu mwembamba wa kunongʼona, aliwaketisha kwenye korido na kuwaambia Mheshimiwa yuko njiani. Ilipofika saa tano alikuwa bado njiani, ingawa walikuwa wanamsikia anakohoa mlango wa pili.

Mwanamke mwenye mimba ya kufikia hapo ana haja zake, wala hazisubiri itifaki.

"Choo kiko wapi?"

"Cha wageni hakina maji, Bi mkubwa," alinongʼona Katibu. "Chenye maji ni cha Mheshimiwa, na hicho haingii mtu."

"Utanionyesha mlango, au nikuachie kazi ya kudeki hapa?"

Akaonyeshwa mlango.

Kilikuwa choo kizuri, cha vigae. Na pembeni ya kiti, ukutani, palikuwa na msumari. Na kwenye msumari palikuwa na kurasa za jarida, zimetundikwa vizuri, zinasubiri kazi.

Karatasi. Karatasi nyeupe, yenye maandishi, yenye mhuri wa wizara wa Nakala Pekee ya Mheshimiwa. Zumari la Taifa, matoleo yote tangu siku ya mazishi! Profesa Lutambi, ilikuja kufahamika, alikuwa anatokwa machozi akitazama kioo, kwa hiyo kila Ijumaa Katibu alikuwa anamchapia nakala moja kwa siri, kwa mashine iliyofichwa chini ya ngazi. Akishaisoma, inapelekwa kule.

Lakini msumarini zilibaki kurasa za aina moja tu: karatasi ya tisa na kumi, kutoka kila toleo. Nyingine zote zilikuwa zimekwisha kutumika. Hizi hakuna aliyezigusa, na sababu ilikuwa wazi. Ukurasa wa kumi ulikuwa na picha kubwa ya Waziri akitabasamu, na katika jengo lile hakukuwa na mtu, hata Waziri mwenyewe, aliyekuwa na ujasiri wa kumtumia Waziri kwa shughuli ile.

Sikudhani hakuzishika. Alitoa kichwani kitana chake cha mkia, akazifunua moja moja kwa ncha yake, mpaka akafika kwenye toleo la ule mwezi mpevu wa kwanza kabisa. Akajiona. Jina lake na la Makungu, pamoja, safi, bila alama ya dole hata moja.

Alimaliza haja yake kwa utulivu, akanawa mikono, akatoka.

*

Waziri alikuwa ameshajitokeza koridoni akiwa na nishani mkononi. "Huyu ndiye shujaa wetu wa kusoma!" alisema. "Bi Sikudhani, leo unataka nini kutoka serikalini?"

"Cheti cha ndoa, Mheshimiwa. Tangazo langu limetimiza sheria."

"Lina mapingamizi elfu tisa," alinongʼona Katibu.

"La kwenye kioo, ndiyo. Nazungumzia lile lingine. Lililotundikwa kwa msumari. Ndani ya jengo la serikali. Lina mhuri. Tangu mwezi mpevu wa kwanza."

"Liko wapi hilo?" aliuliza Waziri.

"Kule unakolisomea."

Katibu akawahi kujibu. "Huyu mama amechoka na safari. Nchi hii haina karatasi. Karatasi ilizikwa, kila mtu aliona."

"Sawa," alisema Sikudhani. "Basi acha niende pale ukumbini niwaulize waandishi: kama nchi haina karatasi, Mheshimiwa huwa anajifutia nini? Na yule anayehifadhi maiti bila kibali anafungwa miaka mingapi? Bwana Kalimbaga, wewe unajua kanuni."

"Miaka saba," alisema Bwana Kalimbaga, kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo.

Shangazi Somoe alikuwa ameanza kujifunga kanga kiunoni, ishara inayojulikana mikoa yote.

Waziri alimtazama Sikudhani, akatazama mlango wa ukumbi, akatazama mlango wa choo. Na hapo, ndugu zangu, ndipo tulipoona kwa nini wengine ni mawaziri na sisi ni wasomaji. "Serikali," alisema, "haiogopi ukaguzi."

Walikwenda kukagua. Waziri mbele, Katibu nyuma yake, Mtendaji na koti lake, na wachumba. Choo kilikuwa kidogo, ikabidi Makungu asimame ndani ya beseni la kuogea. Walipoiona ile picha, Katibu na Mtendaji walivua kofia.

"Msumari?" aliuliza Mtendaji, akisoma sheria kichwani.

"Upo," alisema Katibu.

"Jengo la serikali?"

"Ni la serikali."

"Mhuri?"

"Upo."

"Alama ya dole gumba?"

"Hakuna. Nani angethubutu."

"Na kuna shahidi kwamba tangazo halikuondolewa tangu mwezi mpevu ule hadi uliofuata?"

Bila shahidi kila kitu kingeanza upya, na Sikudhani alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili na kuuma midomo kwa namna iliyomfanya Shangazi aanze kuulizia maji ya moto kutoka koridoni.

Waziri akajikohoza. "Mimi," alisema. "Mimi huliona kila asubuhi. Kwa muda mrefu."

"Andika cheti!" alipiga kelele Sikudhani.

Katibu alitoa kishikwambi kidogo mfukoni. "Tutakutumia cha kidijitali."

"Na kikilala, nitakuwa nimeachika? Andika kwa kalamu! Andika hapo hapo!"

Kalamu ikatoka ndani ya soksi ya Katibu. Ule ukurasa ukatolewa msumarini kwa heshima zote, ukawekwa juu ya tangi la maji, na kwenye nafasi nyeupe pembeni ya tangazo pakaandikwa kwamba Sikudhani na Makungu ni mke na mume. Waziri akatia sahihi. Bwana Kalimbaga akapiga mhuri. Alikuwa anatembea nao. Akaupiga mara tatu, na mara ya tatu alikuwa analia.

*

Mtoto alizaliwa jioni ile ile, wa kike, akiwa na jina la Makungu baba yake. Kwenye sherehe Bwana Kalimbaga alicheza kuliko bwana harusi, na mkewe, aliyekuja na masufuria yake mwenyewe kupikia, alikuwa anamtazama kwa macho ya zamani.

Zumari la Taifa liliandika kwamba hiyo ni ndoa ya kwanza nchini kufanikishwa na teknolojia ya kioo, na kwamba wageni kutoka mbali wanakuja kujifunza. Wamekuja. Wanaonyeshwa ubao wa wasomaji, wanapewa chai, wakiomba choo wanaambiwa hakina maji. Kwenye kata nyingine wachumba bado wanasubiri mbele ya vioo, wengine wamekaa na mikono mifukoni na wengine wanagusa kwa kiwiko, kwa kuwa kanuni haijataja kiwiko.

Sikudhani amerudi saluni. Cheti chake amekitia kwenye fremu na kukitundika juu ya kioo cha kusukia, mteja akikaa anakiona. Wanaojua habari huwa wanamuuliza picha ya Waziri iko wapi.

"Ipo," anasema, na kitana mdomoni. "Inatazama ukuta."